Kutuma arafa kwa barua pepe, na herufi 160 zilizonitia adabu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana na sikupata nafasi ya kuandika hata mstari mmoja. Leo nimepata.

Wiki jana kijana mmoja aliyeajiriwa juzijuzi ofisini kwetu aliniuliza kama ni kweli mtu anaweza kukaa kwenye programu yake ya barua pepe, akaandika barua, na barua hiyo ikatokea kwenye rununu ya mtu mwingine kama arafa bila kulipa kitu. Alikuwa ameisoma habari hiyo mahali akadhani ni uzushi. Nikamwambia si uzushi, mimi mwenyewe niliitumia njia hiyo karibu kila siku kwa mwaka mzima. Akataka nimwonyeshe pale pale. Nikamwambia ngoja kwanza nikusimulie ilivyonifanya. Tukala chakula cha mchana tukiongea hilo tu, na jioni nikaona heri niliandike, pengine litamfaa na mwingine.

Ilivyokuwa ikifanya kazi

Jambo lenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kampuni kubwa za simu za Marekani zilimpa kila mteja anwani ya barua pepe hata kama hakuiomba, na wengi hawakujua wanayo. Anwani hiyo ilikuwa namba yake ya simu, tarakimu 10, kisha alama ya @, kisha jina la lango la kampuni. Mteja wa AT&T alikuwa na namba yake pamoja na @txt.att.net. Wa Verizon alikuwa na @vtext.com. Wa T-Mobile alikuwa na @tmomail.net.

Unafungua Thunderbird au Outlook, unaweka anwani hiyo pale unapoweka anwani ya mtu yeyote, unaandika maneno machache, unatuma. Seva yako inaipeleka kwa SMTP kama barua nyingine. Ikifika langoni, lango linaivua mapambo yote, yaani rangi, picha na yale maelezo marefu ya juu, linabakiza maneno matupu, kisha linayakabidhi kwa kituo cha arafa cha kampuni. Sekunde chache baadaye simu inalia. Mwenye simu akijibu, jibu lake linarudi kwenye kikasha chako kama barua pepe.

Utamu wake ni kwamba lango halikuuliza unatoka wapi. Mimi nilikuwa Nairobi, simu ilikuwa Texas, na gharama yangu ilikuwa bando la intaneti tu.

Kuna wanaodhani arafa ilizaliwa ikiwa mambo ya simu kwa simu, halafu tarakilishi zikaja kujipenyeza. Ni kinyume. Arafa ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na mhandisi Neil Papworth aliiandika kwenye tarakilishi. Aliyeipokea alikuwa Richard Jarvis wa Vodafone, nayo ilimtakia Krismasi njema. Jarvis hakuweza kujibu kwa sababu simu yake haikuwa na uwezo wa kuandika arafa. Kwa hiyo kutuma arafa kutoka kwenye tarakilishi si ujanja wa pembeni. Ndivyo jambo lilivyoanza.

Dada yangu na simu yake

Dada yangu mkubwa alienda Texas mwaka 2022. Alipata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, huku akisomea uuguzi mchana. Alikuwa na simu ya kulipia mapema, ya bei ya chini, yenye arafa na maongezi bila kikomo lakini data kidogo mno. Akiwa nyumbani kwake penye Wi-Fi tuliongea WhatsApp kama watu wote. Akiwa kazini, WhatsApp ilikuwa kama haipo. Arafa ndiyo iliyomfikia.

Mimi nashinda kwenye kipakatalishi na Thunderbird iko wazi kutwa nzima. Nilipogundua anwani ya simu yake nilifurahi kama mtoto. Nikaanza kumwandikia vitu vidogo. Mvua imenyesha Wundanyi. Mama ameuza parachichi. Timu yako imefungwa tena. Yeye akijibu usiku wa kwao, mimi nayakuta asubuhi kwenye kikasha pamoja na barua za kazi. Nilimtumia zaidi ya arafa mia mbili kwa njia hiyo na hata moja haikupotea, au ndivyo nilivyoamini, kwani sikuwahi kuhakikisha.

Basi Julai 2023 Mama alianguka.

Mama anaishi Wundanyi, huko Taita, peke yake na binamu yetu anayemsaidia kazi za nyumbani. Aliteleza bafuni usiku, akavunjika nyonga. Walimshusha hadi Voi, kisha akapelekwa hospitali moja ya Mombasa. Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi nikamkuta wodini analia kwa maumivu. Dada hatukumwambia kitu siku hiyo. Tulisema asubiri kwanza tujue daktari anasemaje, maana angefanya nini akiwa mbali hivyo?

Siku iliyofuata alfajiri Mama aliingizwa chumba cha upasuaji. Alitoka karibu saa tatu na nusu asubuhi. Daktari akaja akatuambia amepoteza damu nyingi lakini ameongezwa nyingine, hali yake ni nzuri, na tunaweza kumwona. Tukaingia. Alikuwa amelegea, midomo mikavu, lakini alinitambua, na swali lake la kwanza lilikuwa kama dada ameambiwa.

Nikatoka varandani. Huko Texas ilikuwa saa nane za usiku, dada yuko zamuni. Nikafungua kipakatalishi juu ya magoti, nikakiunganisha na intaneti kupitia simu yangu, nikaandika. Mada niliandika "Habari za Mama". Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Dada, Mama alianguka bafuni juzi usiku akavunjika nyonga. Tumemleta Mombasa. Amepasuliwa leo asubuhi. Daktari anasema amepoteza damu nyingi, lakini ameamka, anaongea vizuri, na wewe ndiye anayekuulizia."

Nikatuma. Nikaitazama ikihamia kwenye folda ya zilizotumwa. Nikafunga kipakatalishi, nikarudi kwa Mama. Simu yangu ambayo ilikuwa imetumika kutoa intaneti ilizima chaji muda mfupi baadaye, na mimi sikujali, kwa sababu kila niliyehitaji kumjulisha nilikuwa nimeshamjulisha.

Kilichofika

Nilipata mahali pa kuchaji saa kumi jioni. Simu ilipowaka ilianza kutetemeka mfululizo mpaka nikadhani imeharibika. Simu 19 za dada ambazo hazikupokelewa. Nikampigia. Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mama amefariki saa ngapi?" akaniuliza.

Nilishindwa kuongea. Nikamwambia Mama yupo, amelala, nimetoka kando ya kitanda chake sasa hivi. Akanyamaza. Kisha akaanza kulia, na baada ya kulia akaanza kunigombeza, na katika maisha yangu yote sijawahi kugombezwa vile na mtu aliyekuwa na haki kamili.

Akanisomea alichopokea. Nakiandika hapa kama kilivyokuwa:

"(Habari za Mama) Dada, Mama alianguka bafuni juzi usiku akavunjika nyonga. Tumemleta Mombasa. Amepasuliwa leo asubuhi. Daktari anasema amepoteza damu nyingi, la"

Basi. Hakuna zaidi.

"Uliandika la," akaniambia. "Damu nyingi, la. Mimi nikaelewa huwezi hata kumalizia sentensi."

"Sikuandika la, dada. Niliandika lakini."

"Mimi nilisoma la."

Alikuwa amepiga simu yangu, imezimwa. Akapiga ya Mama, ilikuwa kwenye mkoba wa binamu na mkoba umefungiwa kwenye kabati la wodi. Akamwomba msimamizi wake ruhusa ya dakika kumi, akaenda kukaa stoo ya mashuka. Kisha akarudi akamaliza zamu, kwa sababu wazee wa watu hawawezi kuachwa. Saa kumi na mbili alikuwa anatafuta tiketi ya ndege ya pesa ambazo hakuwa nazo. Saa sita nzima alikuwa anamwombolezea mtu ambaye wakati huo alikuwa anakunywa uji kwa kijiko mbele yangu.

"Na wewe ndiye fundi wa tarakilishi," akasema.

Kwa nini 160

Usiku ule nilikaa kwenye benchi nikahesabu herufi moja moja. Mada ilikuwa imewekwa ndani ya mabano mwanzoni mwa arafa. Pamoja na mabano na nafasi baada yake ni 17. Maneno yaliyofuata hadi "la" ni 143. Jumla 160 kamili. Lango halikukosea hata herufi moja. Lilifanya kile lilichoandikiwa kufanya: hesabu mpaka 160, kata, tupa kilichobaki, usimwambie mtu.

Namba hii 160 haikushuka kutoka mbinguni. Mjerumani Friedhelm Hillebrand, aliyekuwa miongoni mwa waliotengeneza viwango vya GSM, aliketi mwaka 1985 na taipureta yake huko Bonn, akachapa sentensi za kila namna, akahesabu herufi na nafasi zake. Akaona nyingi zinamalizika kabla ya 160. Waliangalia pia postikadi na ujumbe wa teleksi, navyo vikaonyesha kwamba watu husema jambo lao kwa maneno machache. Nafasi waliyokuwa nayo kwenye mtandao ilikuwa baiti 140. Kila herufi ikipewa biti 7 badala ya 8, baiti 140 zinabeba herufi 160. Fanya hesabu mwenyewe: 140 mara 8 ni 1120, gawanya kwa 7.

Simu zenyewe zilijifunza zamani kuunganisha arafa ndefu. Zinaikata vipande vya herufi 153, herufi 7 zilizobaki zinatumika kuandika kipande hiki ni cha ngapi, na simu inayopokea inavishona. Ndiyo maana siku hizi watu hawakioni tena kikomo hicho. Lakini malango ya barua pepe kila moja lilikuwa na tabia yake. Mengine yaligawanya barua ndefu, mengine yalikata. Mimi nilikuwa nimetuma vitu vifupi kwa mwaka mzima, mvua na parachichi, kwa hiyo sikuwahi kulifikia lile panga. Nililifikia siku ambayo sikupaswa kulifikia.

Kuna jambo la pili ambalo mtu mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi hana udhuru wa kulisahau. Seva ya barua pepe inapoipokea barua yako hujibu kwa namba 250, maana yake "sawa, nimeipokea". Haisemi imefika kwa mwenyewe. Haisemi imefika nzima. Programu yako ikisikia 250 inaihamishia barua kwenye folda ya zilizotumwa na wewe unalala usingizi. Tulifundishwa hili darasani, nikalijibu kwenye mtihani nikapata alama zote, kisha nikalisahau varandani Mombasa.

Lango la nyumbani

Mama alikaa hospitali siku kumi na moja. Aliporudi Wundanyi akitembea kwa fremu, dada alisema anataka kuwa anamwandikia yeye mwenyewe, asipitie kwangu tena. Sikumlaumu. Tatizo ni kwamba Mama ana mulika mwizi, haina WhatsApp wala barua pepe, na saa zao za kuamka hazilingani. Arafa za kutoka Marekani kuja Kenya, mpango wa dada ulizitoza pesa.

Nikaamua kutengeneza lango letu, la kwenda upande wa huku. Nilikuwa na modemu ya zamani ya Huawei, ile ya kuchomeka kwenye USB, niliyoinunua ikiwa kuukuu nikiwa chuoni. Nikasajili laini mpya kwa jina langu, nikaiweka ndani. Nikaichomeka kwenye Raspberry Pi nyuma ya televisheni.

Wasiojua, modemu hizi ukizichomeka kwenye Linux mara nyingi hujifanya CD yenye programu za Windows. Kuna kiprogramu kiitwacho usb_modeswitch kinachoiambia iache maigizo, iwe modemu. Baada ya hapo unaongea nayo kwa amri za AT, lugha ya zamani sana lakini bado inaeleweka:

AT+CMGF=1
AT+CMGS="+2547..."

Inakuwekea alama ya >, unaandika maneno yako, unabonyeza Ctrl na Z, inajibu kwa mfano +CMGS: 41. Hiyo 41 ni namba ya kumbukumbu ya arafa yako. Ukitaka usihangaike na hayo, iko programu huria ya Gammu inayokufanyia yote. Mimi nilitaka kuhangaika, nilikuwa na deni la kulipa.

Nikaandika skripti ya Python ya mistari kama mia mbili. Kila dakika inafungua kikasha maalumu kwa IMAP na kuangalia kama kuna barua. Inakubali barua kutoka anwani mbili tu, ya dada na yangu. Kwa kuwa anwani ya mtumaji hughushiwa kirahisi, inadai pia neno la siri kwenye mada, na mada yenyewe haiingii kwenye arafa hata herufi moja. Barua ikizidi 160 inakatwa vipande vya kushonwa vizuri. Kisha sehemu ambayo ndiyo sababu ya kazi yote: skripti inaomba ripoti ya kufika. Mtandao wa simu unaweza kukujulisha kwamba arafa namba 41 imeingia kwenye simu ya mwenyewe, ukiomba. Ripoti ikija, skripti inamwandikia dada barua: "Imefika kwa Mama saa 2:14 asubuhi, nzima, vipande 2." Nusu saa ikipita bila ripoti, inamwandikia: "Bado haijafika."

Neno "nzima" nililiongeza mwenyewe. Dada alipoliona mara ya kwanza alicheka, ikawa ndiyo mara ya kwanza tumelicheka jambo lile.

Ng'ombe aliyekula kredo

Lango lilifanya kazi, ila nikaona kredo inaisha haraka kuliko hesabu yangu. Arafa ya herufi mia na hamsini, ambayo ni moja, ilikuwa inatozwa kama tatu. Si zote. Baadhi tu. Nikazipanga upande upande, za moja moja na za tatu tatu, nikazitazama mpaka macho yakauma.

Tofauti ilikuwa ng'ombe.

Dada alikuwa anamwuliza Mama habari za ng'ombe wake, na kila alipoandika ng' kwenye simu yake ya kisasa (alikuwa ameshabadilisha), simu iligeuza kile kiberenge kilichonyooka ikaweka kilichopinda, ili kipendeze. Kilichonyooka kimo kwenye zile herufi za biti 7 za GSM. Kilichopinda hakimo. Ikitokea alama moja tu isiyokuwemo, arafa nzima inahama na kuandikwa kwa Unicode, herufi moja baiti mbili, na 160 zinakuwa 70. Zikigawanywa vipande zinakuwa 67 kwa kila kimoja. Emoji moja inakufanyia vivyo hivyo.

Fikiria ni mara ngapi sisi tunaandika ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, king'ora. Aliyeandika ile orodha ya herufi hakuwa na sisi mawazoni, lakini kwa bahati alikiweka kile kilichonyooka. Dawa ni mstari mmoja:

maneno = maneno.replace("\u2019", "'")

Kama unatengeneza mfumo wowote wa kutuma arafa za Kiswahili, weka mstari huo leo. Utaniombea heri mwisho wa mwezi.

Malango yalivyofungwa

Sasa turudi kwa swali la kijana wa ofisini. AT&T ilifunga lango lake tarehe 17 Juni 2025. Kwa hiyo ukituma barua kwenye anwani ile leo, haitageuka arafa. Sababu haishangazi. Lango lisilouliza unatoka wapi ni zuri kwa mimi na dada, na ni zuri zaidi kwa matapeli na watuma barua taka, na wao ni wengi kuliko sisi.

Walioumia si watu kama mimi tu. Kwa miaka mingi wasimamizi wa seva walikuwa wameelekeza ving'ora vyao huko. Diski ikijaa usiku, mfumo unatuma barua pepe kwa namba ya simu, simu inalia, mtu anaamka. Ilikuwa rahisi, ya bure, na haikuhitaji mkataba na mtu. Lakini pale pasipo mkataba hakuna anayekudai wala unayemdai. Siku likifungwa, huna pa kwenda kulalamika, na king'ora kinachonyamaza hakikuambii kwamba kimenyamaza.

Hapa kwetu njia ya kawaida ni kulipia. Kampuni kama Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, inakupa API, unalipa kwa kila arafa, na unapata ripoti ya kufika. Kwa biashara, kliniki, shule au chama, fanya hivyo, usiniige mimi na modemu yangu. Modemu ni ya familia, yenye arafa chache kwa siku. Ingawa nisiidharau sana. FrontlineSMS ya Ken Banks iliyotoka mwaka 2005 ilikuwa hivyo hivyo, kipakatalishi na simu iliyounganishwa kwa waya, na mashirika madogo ya Afrika yaliitumia kufika mahali ambapo intaneti haikufika.

Niliyojifunza

Kijana wa ofisini alitaka kanuni, nikampa tatu.

Ya kwanza, jaribu mfumo wako kwa ujumbe mrefu kuliko unaotarajia, siku ambayo hakuna kilicho hatarini. Mimi nilijaribu kwa parachichi nikatumia kwa Mama.

Ya pili, kama mfumo hauwezi kukuambia imefika, wewe mwenyewe uliza. Dakika moja ya kusubiri dada ajibu "sawa" ingemwokoa saa sita. Kredo ya kumpigia nilikuwa nayo.

Ya tatu haina uhusiano na tarakilishi. Habari yenyewe weka mbele. Niliandika kama tunavyosimulia sisi, tukianza na tangu alipoanguka, tukipita Mombasa, mpaka tufike. Sasa ningeandika "Mama mzima, anakusalimu" kisha ndiyo nianze kusimulia nyonga. Likatwe popote linapotaka kukatwa.

Lango la nyuma ya televisheni bado linafanya kazi. Stima ikipotea linazima, likirudi linaendelea lilipoachia, na barua zinazosubiri zinaenda. Mwaka 2024 dada alifaulu mtihani wake wa uuguzi. Alimwandikia Mama kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote, na nilijua kwa sababu skripti ilinionyesha: vipande 2, imefika, nzima. Mama hutumia herufi kubwa tupu, hajui kuziondoa na hataki kufundishwa. Jibu lake lilipita kwenye modemu likaenda Texas kama barua pepe:

"HONGERA MWANANGU. NIMEMSHUKURU MUNGU NIKIWA NIMEKAA. MAGOTI HAYAPIGIKI SIKU HIZI."

Nimehesabu. Haifiki hata mia.

Anayetaka skripti aniandikie, nitaisafisha kidogo kwanza kwa sababu ina maneno ya hasira kwenye maelezo. Na ukiniandikia usipojibiwa siku mbili, andika tena. Usidhani nimeipata.